Risasi Tatu, Moja Moja

Baba yangu hakutaka mengi wakati wa kufa. Hakutaka jeneza la fahari, hakutaka hotuba, na suti ya kuazima aliikataa katakata. Alitaka risasi tatu juu ya kaburi lake, moja moja, na alizitaka kwa ukali wa mtu anayedai haki iliyocheleweshwa.

Alikuwa askari wa Mwingereza wakati wa vita vya Wajapani. Alipelekwa Burma akiwa kijana wa Sikuda, kijiji chetu, ambaye hajawahi kuona mji mkubwa kuliko Tororo, akarudi na meno machache na tabia ya kulala ameegemea ukuta. Vita vyenyewe hakuvisimulia. Alisimulia mazishi. Alisema kule msituni, mwenzao akifa na nafasi ikiwepo, walimzika na kumpigia risasi tatu. Nafasi isipokuwepo walimfukia wakaondoka. Rafiki yake mkubwa, mtu wa Majanji, alifukiwa bila risasi hata moja kwa sababu adui alikuwa karibu. Jambo hilo lilimkaa baba rohoni mpaka mwisho. "Tulimutupa," alikuwa akisema, na akishasema hivyo chakula hakipiti tena.

Kwake heshima haikuwa kwenye mlio. Ilikuwa kati ya mlio na mlio. Bunduki yao ya zamani ilikuwa na komeo. Ukipiga moja, lazima uinue komeo, ulivute nyuma, ganda liruke, ulisukume mbele na kulifunga, ndipo upate ya pili. Katika muda huo, alisema, unamwambia marehemu neno lako moyoni. Bunduki yenyewe ilikulazimisha kungoja. Nilipokuwa msichana niliyasikia maneno hayo kama mtu anavyosikia mvua juu ya bati, bila kuyatilia maanani.

Mama hakutaka kusikia habari za bunduki nyumbani kwake. Aliyemuunga baba mkono ni dada yake, shangazi yetu, ambaye kwa Kisamia tulimwita senge. Senge alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye miguu mibovu na mdomo mzima. Mume wangu aliponiacha, ndiye aliyenipa cherehani yake, akanikataza kulia mbele yake kwa sababu, alisema, nikilia uso wangu unachukiza. Hakuna aliyenifariji kuliko yeye. Akimkuta baba anakohoa, kifua kinapiga filimbi, alimwambia, "Ndugu yangu, kufa polepole. Risasi bado haijafika." Baba alicheka mpaka akashika mbavu.

Kaka yangu alikuwa mwanajeshi, na ndiye mtoto wa kiume peke yake, kwa hiyo mzigo ulimwangukia yeye. Senge alimwekea kidole kifuani mbele yetu sote. "Wewe nakula ugali ya bunduki," alimwambia. "Siku ya baba yako utapiga hiyo tatu. Na mimi nitakaa kwa kiti nione." Kaka aliahidi. Baba alimshika mkono muda mrefu, na mama akainuka akatoka nje.

Wakati huo nilikuwa nashona Tororo, kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja, mahali ambapo ukiinua macho unaona lile Jiwe, mwamba mkubwa uliousimamia mji, na ukiyateremsha unaona vumbi la kiwanda cha saruji limetua kwenye nguo uliyokwisha kuipiga pasi. Uhuru ulikuwa bado mchanga. Nilishona sare za shule na gauni za kanisani, na kwa kuwa kambi ya jeshi haikuwa mbali, nilirekebisha nguo za askari. Walikuwa wateja wabaya. Walitaka suruali ziwabane, halafu wakinenepa wananilaumu mimi.

Asubuhi moja askari mmoja akanitupia mfuko wa turubai juu ya cherehani, mfuko ule wa kiunoni ambamo hubebwa magazini, vile visanduku vya risasi vinavyochomekwa kwenye bunduki.

"Dada, hii mufuko imekataa," alisema. "Wametupatia bunduki ya Urusi. Magazini yake imepinda."

Akanionyesha. Kilikuwa kichuma cheusi kilichopinda kama ndizi mbichi. Nilimuuliza nani amekikanyaga. Alinicheka, akaniambia ni hivyo kilizaliwa, vyote viko hivyo. Nilifumua mshono wa pembeni, nikaongeza kipande cha turubai kilichokatwa kwa kupinda, nikaushona upya. Baada ya hapo walikuja wengine na wengine, mpaka Mhindi akalalamika kwamba baraza lake limegeuka ghala la jeshi, ingawa chai aliwauzia bila kulalamika.

Kwa hiyo bunduki ile niliijua kwa upande wa kitambaa kwanza. Kilichobaki nilielezwa na kaka. Akipata ruhusa ya kwenda mjini alikuja kukaa nami barazani, akinywa chai na kunizuia kufanya kazi, na mimi nilipenda azuie. Nilimuuliza kwa nini magazini ipinde. Akasema ganda la risasi yake ni nene kitakoni na jembamba mbele, na vitu vya namna hiyo ukivilaza kimoja juu ya kingine havitaki kusimama wima. Sikumwamini. Nilichukua vikombe vya Mhindi, nikavilaza ubavu kwa ubavu mezani, na kweli vilianza kwenda upande. Mhindi alivichukua vikombe vyake akarudi navyo ndani.

Nilijifunza pia kwamba si bunduki moja, ni ukoo mzima. Za kwanza kuletwa barazani zilikuwa na mwili uliochongwa kutoka pande zima la chuma, nzito, zikikata nyuzi za mikanda yangu. Zikafuata nyingine ambazo mwili wake ulikuwa wa bati gumu lililokandamizwa na kubanwa kwa misumari mifupi, kama sanduku la mtoto wa bweni, nazo zilikuwa nyepesi. Mtutu wa hizi za pili ulikuwa na mdomo mdogo uliokatwa mshazari. Nilidhani ni pambo. "Hapana," kaka alisema. "Ukipiga mfululizo, inainua kichwa na kwenda mukono ya kulia. Hiyo mudomo narudisha kidogo. Kidogo tu." Alikuwepo pia dada yao mkubwa, mwenye mtutu mrefu na miguu miwili ya kusimamia, lakini huyo sikumshonea kitu.

Kisha zilikuwepo zisizokuwa na kitako cha mbao. Mahali pa kitako zilikuwa na mikono miwili ya chuma inayokunjwa kwa chini, zikawa fupi, za watu wanaoshinda ndani ya malori. Hizo zilinipa kazi ya ziada. Zenye kitako cha mbao zilikuwa na kitundu nyuma cha kufichia vifaa vya kusafishia. Za kukunja hazina mbao, kwa hiyo hazina kitundu, na askari walitembea na vifaa vyao mifukoni vikiwatoboa mapaja. Niliwashonea kijifuko kidogo pembeni ya mfuko mkubwa, chenye kifuniko na kifungo. Nilijivunia kijifuko kile kuliko gauni lolote la harusi nililowahi kushona. Kaka alipewa ya kukunja, na kijifuko chake nilikishona kwa uzi mara mbili.

Siku aliyonionyesha lile bapa la chuma naikumbuka kwa sababu tulikaribia kugombana. Bapa hilo liko upande wa kulia wa bunduki, refu kama kidole cha kati, na ndilo linaloamua bunduki ifanye nini. Aliitoa magazini kwanza, akatazama ndani kama hakuna kitu, halafu akanionyesha. Likiwa juu kabisa, bunduki imefungwa. Ukilishusha kituo cha kwanza, inapiga mfululizo. Ukilishusha mpaka chini, inapiga moja moja.

"Huyo mtu aliyeitengeneza alikuwa mlevi?" nilimuuliza. "Mtu mwenye akili anaanza na moja, halafu nyingi."

"Ile tuliachiwa na Mwingereza ilikuwa vile unasema. Kituo moja, risasi moja. Lakini hawa wa Urusi wanajua askari naogopa." Alisema bila aibu. "Mutu akiogopa, mukono yake haina adabu. Anasukuma kwa nguvu mpaka chini kabisa. Basi anapata moja moja, hamalizi risasi yote kwa miti."

Nilimwambia kwamba mtu anayetengeneza bunduki kwa ajili ya waoga amewatukana wanaume wote. Yeye akasema hakuwatukana, aliwajua tu. Akanishikisha nilishushe mwenyewe. Nilisukuma, na lile bapa likalia kla kwa sauti kubwa, chuma juu ya chuma, hata Mhindi akachungulia kutoka ndani.

"Unaona? Adui nasikia hiyo mpaka kule Jiwe," kaka alisema. "Kwa hivyo kama unataka inyamaze, unaishusha polepole na kidole mbili. Hivi. Lakini ukienda polepole lazima usikilize na kidole. Kituo ya kwanza, kituo ya pili. Usichanganye."

Alilishusha bila kutoa hata mlio wa kiberiti. Vidole vyake vilikuwa vyembamba, vya mtu aliyepaswa kuwa fundi wa saa. Nikarudi kwenye kazi yangu.

Baba alifariki msimu wa mvua, asubuhi, mama akiwa amemwinua anywe uji. Kaka wakati huo alikuwa ametolewa kambini na kuwekwa kwenye kizuizi cha barabara pale Busia, mpakani na Kenya, ambako magari na baiskeli zilikuwa zikikaguliwa kwa sababu ambazo hakuna aliyetueleza. Tulimtuma jirani mwenye baiskeli. Mkubwa wake alikuwa mtu wa maneno machache. Alimwambia aende, azike mzee, na jua lisizame kabla hajarudi. Pale kizuizini hapakuwa na ghala la silaha, kwa hiyo kaka alikuja na bunduki yake.

Mama alimkuta kwenye njia ya kuingilia uani. Alikuwa amefunga kitambaa cha msiba kichwani na sauti ilikuwa imemwishia kwa kulia.

"Mwanangu, ingia. Lakini hiyo kitu isipite mlango ya nyumba nilikuzalia."

Hakuwa na mahali pa kuiweka. Angeiegemeza wapi, watoto wa ukoo wamejaa uani? Kwa hiyo hakuingia. Alisimama karibu na zizi la ndama, bunduki imekunjwa chini ya kwapa la kulia, na waombolezaji wakamfuata pale pale kumpa pole. Mkono wa kulia ulikuwa umeibana bunduki, hivyo aliwapokea kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo kwetu ni utovu wa adabu, na kila aliyemshika alimwomba radhi. Nilimtazama akiomba radhi kwa watu wote wale, mmoja mmoja, nikasikia uchungu ambao haukuwa wa baba peke yake. Kumwona baba kwa mara ya mwisho alimwona pale nje, jeneza lilipotolewa.

Kaburi lilichimbwa nyuma ya nyumba, likitazamana na shamba la mtama. Upande wake wa kulia kulikuwa na kichuguu kikubwa ambacho tulikuwa tumekichimba kileleni kwa miaka mingi tukitafuta udongo wa kukandika nyumba, mpaka juu yake pakawa pamesawazika kama meza. Senge alidai kiti chake kiwekwe pale. Wakamwambia chini kuna nafasi. "Huko chini nitaona migongo yenu tu," aliwajibu. "Nilisema nitakaa kwa kiti nione. Mnibebe." Vijana wanne walimpandisha wakihema, naye akiwaambia kwamba hata jeneza la ndugu yake hawakulihemea hivyo. Watu walicheka kaburini. Baba angefurahi.

Utaratibu ulikuwa umepangwa. Katekista ataomba, kaka atapiga zile tatu, kisha kaka huyo huyo, kama mtoto wa kiume wa marehemu, atatupa udongo wa kwanza, na sisi wengine tutafuata. Kwetu hakuna anayegusa udongo kabla yake. Baba alikuwa ametuagiza hata mahali pa kulenga: juu kidogo ya vichwa vya watu, kuelekea shambani, si juu mbinguni, kwa maana, alisema, Mungu hajamkosea kitu.

Katekista hakuzipenda bunduki na nadhani ndiyo maana aliomba kwa muda mrefu. Aliombea wajane, akaombea mvua, akaiombea nchi mpya na wakubwa wake. Mwishowe akaanza Baba Yetu, na watu wote wakainamisha vichwa wakiitikia kwa sauti ya chini. Mimi sikuinamisha. Nilikuwa namtazama kaka yangu.

Alisogea mbele mpaka ukingo wa kaburi sala ikiendelea, ili Amina imkute tayari. Mikono ile ya chuma aliiacha imekunjwa vilevile. Kuikunjua kuna kishindo chake. Akaiinua bunduki usawa wa mbavu, mtutu kuelekea mtama. Kisha nikaona vidole vyake viwili vinakwenda kwenye bapa na kulishusha taratibu sana, midomo yake ikiendelea kusali pamoja na watu. Sikusikia chochote. Nilijisemea moyoni kwamba mama alijua kulea.

Tuliposema Amina, akavuta.

Ilikuwa kelele moja tu, ndefu, kama turubai linalochanwa kwa nguvu. Haikuwa na mwanya wa mtu kusema neno. Bunduki ikainua kichwa na kuuvuta mkono wake kwenda kulia, na bila kitako cha kuegemea begani hakuwa na kitu cha kuizuia. Aliachia mara moja. Najua aliachia mara moja, nilikiona kidole kikifunguka. Hata hivyo ilikuwa imekwisha kuzunguka.

Tulikuwa wote chini, kwenye matope. Katekista alikuwa amelala juu ya udongo wa kaburi na kitabu chake kikiwa chini ya tumbo. Mtoto wa mtu alikuwa akilia mahali fulani. Juu ya kichuguu senge alikuwa bado ameketi kwenye kiti chake, yeye peke yake, ukimwacha kaka, ambaye hakulala chini, na kwa kitambo kifupi nilimwonea fahari. Nilidhani ni ujeuri wake, kwamba hawezi kulazwa kwenye matope na kelele.

"Senge, pole," kaka alimwambia kutoka chini. "Senge, imekosea."

Hakumjibu kwa mzaha. Hapo ndipo nilipojua.

Kaka alisimama pale akimtazama. Halafu akalisukuma lile bapa juu, kulifunga, na safari hii hakulishika kwa vidole viwili. Lililia kla, na watu wote wakalisikia.

Nilipanda kile kichuguu kwa mikono na magoti. Mama alikuwa amefika kabla yangu, sijui vipi. Alikuwa amefungua leso yake ya kiunoni, anamfunika senge kifua, anamwambia pole pole, kama mtu anayemfunika anayesikia baridi. Nilimshika senge mkono. Vidole vyake vilikuwa bado vimeshika ukingo wa kiti.

Sitaki kusimulia sana yaliyofuata. Wazee wa ukoo walikutana pale pale, chini ya kichuguu, jeneza la baba likiwa ndani ya shimo bila kufunikwa na mvua ikinukia. Walisema lililokuwa lazima kusemwa. Mtu aliyemwaga damu ya ukoo wake hagusi udongo wa kaburi la baba yake, wala hali chungu kimoja na ndugu zake, mpaka achinjiwe kondoo wa kumtakasa, na kondoo huyo hachinjwi siku ya damu yenyewe. Walisema kwa upole. Mmoja wao alikuwa akilia. Nilitamani wangesema kwa ukali ili nipate mtu wa kumchukia. Mtoto wa baba mdogo ndiye aliyetupa udongo wa kwanza, nasi tukafuata. Kaka alisimama karibu na zizi la ndama akitutazama tunamzika baba yake.

Hakuna aliyemkamata. Jua lilipoanza kushuka aliniambia, "Mukubwa alisema jua isizame," akaiweka bunduki chini ya kwapa na kuondoka kwa miguu kurudi Busia. Alifika kabla ya magharibi, akaikabidhi, akasema mwenyewe alichofanya.

Walimfunga. Jeshi lilikuwa na maelezo yake, na maelezo hayo yakatufikia nyumbani kwa mdomo wa askari wenzake: alikuwa mbele ya maiti ya baba yake, aliogopa, mkono ukamtetemeka, akapoteza akili. Aliogopa. Neno hilo liliingia sokoni Tororo, likaingia Sikuda, likashuka mpaka Majanji pamoja na wachuuzi wa samaki. Nilikuwa nikishona na kusikia wanawake wakisema barazani, bila kujua mimi ni nani, kwamba kuna askari mwoga aliyemuua shangazi yake kwenye matanga. Siku moja nilimrudishia mmoja wao kitambaa chake kikiwa nusu kimeshonwa. Nilijua kwamba si mwoga. Lakini jambo lingine la kuweka mahali pa neno lile sikuwa nalo, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Mifuko ya magazini niliacha kuishona. Askari walikuja, wakaambiwa wajaribu kwa fundi mwingine.

Kaka alifunguliwa kabla muongo ule wa uhuru haujaisha. Kondoo alikuwa tayari, wazee walikuwa tayari, mama alikuwa amefagia uani tangu alfajiri. Hakuja. Alishuka kwenye lori pale mpakani, akavuka, akabaki Busia ya upande wa Kenya, akapata kazi ya kupakia magunia ya mahindi. Siku za soko mama alivuka na chungu cha dagaa na muhogo, akakaa naye juu ya magunia, wakala pamoja kwa mikono yao katika chungu kimoja. Wazee walijua. Hakuna aliyethubutu kumwambia kitu.

Mimi nilikaa muda kabla ya kwenda. Nilipokwenda nilichukua udongo kutoka kaburini kwa baba, nikautia ndani ya kimoja cha vile vijifuko vidogo vilivyobaki kwenye sanduku langu la vitambaa, nikafunga kifungo. Nilifikiri wazee wanaweza kumzuia kufika kaburini, lakini hawawezi kuzuia kaburi kumfikia yeye. Niliona nimebuni jambo la maana sana.

Nilimkuta kwenye mlango wa ghala, mchana, vumbi la mahindi limemweupisha nyusi. Alikuwa amekonda. Alikitambua kijifuko kabla hajanisalimu vizuri, akakigeuza, akatazama uzi. Kisha nikamwambia kilicho ndani. Akakirudisha mkononi mwangu na kunikunjia vidole juu yake.

"Rudisha," alisema. "Baba hakupata risasi tatu yake. Mimi nitapata udongo yangu namna gani?"

Nilikuwa nimetoka mbali kwa miguu, na hasira yangu, ambayo haijawahi kuwa mbali, ilinipanda. Nilimwambia amemwachia mama aibu yote aibebe na chungu chake. Nilimwambia nimechoka kusikia neno lile barazani kwangu kila wiki. Nilimwambia angalau mimi, niliyemshonea kijifuko kile, anieleze.

"Uliogopa nini?" nilimuuliza. "Maiti ya baba? Yule baba?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kana kwamba neno hilo analisikia kwa mara ya kwanza.

"Nani alisema niliogopa?"

"Wote."

Alikaa juu ya gunia. Alitazama vidole vyake vya mkono wa kulia, ambavyo sasa vilikuwa vimejaa sugu.

"Watu walikuwa naomba," alisema polepole. "Baba Yetu, unakumbuka. Sikutaka ile chuma ilie juu ya maombi ya baba. Nikaishusha na kidole mbili, pole, pole, na mimi naomba pia. Nikasikia kituo. Nikadhani ni ya pili. Dada, mutu akiogopa anasukuma mpaka chini. Si nilikufundisha? Kama ningeogopa, senge angekuwa hai."

Ndani ya ghala mtu alimwita kwa kazi. Aliinuka, akajipangusa suruali, akainama chini ya gunia na kulibeba mpaka kwenye lori.

Nilirudi upande wetu na udongo wangu, nikaumwaga mahali nilipouchota.